Barazani: Wazee wa Keya na Wenzao



Mwezi huu tuzungumze habari za watu waliokwenda vitani, wakarudi, wakazeeka. Na jinsi walivyotafutana miaka mingi ili wapate kuongea mambo yao. Labda mmoja wenu atauliza, "Nyumba yenye amani ina haja gani na habari za vita?" Nasi twamjibu: Ndugu, tazama ukutani kwako. Katika nyumba nyingi za Moshi na za miteremko ya mlima wetu, toka Rombo hata Machame, ipo picha ya mtu aliyevaa nguo za jeshi, amesimama wima, hacheki. Watoto wamjua kuwa ni babu mwenye kahawa na migomba. Lakini walikuwapo watu wengine, wa makabila ya mbali, waliomjua kwa namba yake na kwa jina la utani, na waliojua mambo ambayo pengine mkewe hakuambiwa. Habari zetu za leo ni za watu hao.

Vijana wa siku hizi hawalijui sana neno "keya". Waingereza waliandika jina la jeshi la King's African Rifles kwa herufi tatu, K.A.R., na wazee wetu wakazifanya herufi hizo kuwa neno la Kiswahili. Askari wa keya walitoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, nchi ambayo leo yaitwa Malawi. Katika Vita Kuu ya Pili, ya miaka 1939 hata 1945, watu wa Tanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini. Wengine kwa hiari yao, wengine kwa kulazimishwa. Wala si wote waliokuwa wapiganaji: walikuwamo madereva, wapishi, wauguzi, mafundi, na walimu wa kuwafundisha wenzao kusoma na kuandika. Askari wa keya walipigana na Waitalia katika Ethiopia mwaka 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha wakavushwa bahari hata Ceylon, ambayo leo yaitwa Sri Lanka. Kutoka huko wakaingia Burma, ndiyo Myanmar ya siku hizi, kupigana na Wajapani. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na vikosi vya keya vya nchi hizo zote, na viwili kati yake, cha 26 na cha 36, vilikuwa vya Tanganyika.

Mwaka 1944, tangu Agosti hata Novemba, askari hao walishuka katika bonde la Kabaw huku mvua ikinyesha mchana na usiku. Bonde hilo liliitwa Bonde la Mauti, kwa sababu ya malaria na homa nyingine, na kwa kuwa wakimbizi wengi walikufa humo mwaka 1942 walipowakimbia Wajapani. Matope yaliyameza magari. Basi ndege zikawa zikipita juu na kuwaangushia chakula, dawa na risasi kwa miavuli. Na mawingu yalipoifunika milima, macho yote yalitazama juu, na sikio likangoja mlio. Mwezi wa Desemba walifika mto Chindwin karibu na Kalewa, wakavuka, na mafundi wa jeshi wakatandika juu ya maji daraja la chuma lenye urefu wa futi 1,154.

Wengine hawakufika hata kuiona Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji, karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda usiotimia dakika mbili. Watu karibu 1,300 walikufa, na wengi sana kati yao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika ya Mashariki.

Sasa fikirini, wapenzi. Mtu aliyeyaona mambo hayo arudipo nyumbani, aanze wapi kuyaeleza? Akisema "matope," mkewe awaza matope ya kihamba wakati wa masika. Akisema "njaa," jirani amwambia habari za mwaka wa ukame. Hawamdharau, hawana tu mahali pa kuliweka neno lake. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Bali akikutana na mwenzake wa brigedi moja, ajapokuwa Msukuma au Mganda, atasema neno moja tu, "Kabaw," naye mwenzake atainamisha kichwa. Yatosha. Kiswahili chao kiliitwa Kikeya. Hakikuwa Kiswahili cha mashairi, lakini kiliwatosha kuombana maji, kuonyana hatari, na kuzikana.

Ndiyo sababu wazee wa vita hutafutana, wala si kwa nchi yetu peke yake. Mwaka 1921, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vyama vya askari wa zamani wa nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza vilikutana Cape Town, vikafanya shirikisho la kuwaangalia wenzao waliozeeka au kuumia. Shirikisho hilo lingalipo. Hapa kwetu kipo chama cha askari wa zamani kiitwacho Tanzania Legion, na kila mwaka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wazee waliopigana vita wamekuwa na nafasi yao ya heshima mbele ya taifa.

Kushikana huko si mazungumzo matupu. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza iliahidi fedha ili wazee hao na wajane wao, katika nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, wapate walau milo miwili kwa siku. Lakini msaada wa namna hiyo humfikia nani? Humfikia yule ambaye jina lake lajulikana kwa wenzake. Mzee aliyejitenga kilimani, asiyepashwa habari wala asiyeulizwa, hupitwa na neema kama mvua ipitayo upande wa pili wa mlima.

Tena iko hadithi moja isimuliwayo sana, nayo ina mafundisho makubwa. Mwajua kwamba vita vya 1914 hata 1918 vilifika hapa hapa kwetu, na kwamba majeshi ya Waingereza yaliitwaa Moshi mwezi wa Machi 1916. Upande wa pili walikuwako askari wetu waliopigana chini ya Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa wale waliokuwa wangali hai. Husimuliwa kwamba wazee wapata 350 walikusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti vyao. Wengine walileta vipande vya nguo za jeshi zilizochakaa. Wengine hawakuwa na kitu ila maneno ya vinywa vyao. Basi mlipaji akampa kila mmoja ufagio mahali pa bunduki, akamwamuru kwa Kijerumani afanye mazoezi ya silaha. Hakushindwa hata mmoja. Ilikuwa imepita miaka karibu hamsini, lakini mikono haikusahau.

Twaipenda hadithi hiyo kwa kuwa yachekesha, na kwa kuwa yaheshimu. Lakini mwalimu mwenye busara ataiona huzuni iliyomo. Wazee wale walikuwa na kumbukumbu nzima mwilini, na mkononi hawakuwa na karatasi. Walipokufa, ile mikono yenye kujua ilizikwa pamoja nao.

Hapo ndipo lilipo neno letu la mwezi huu. Wazee wakiongea wao kwa wao, hawana haja ya kueleza. Nusu ya habari hubaki moyoni, maana kila mmoja aijua. Ni faraja kubwa, tena ni haki yao. Lakini mazungumzo hayo hayaachi alama. Mzee akiulizwa na mjukuu asiyejua lolote, hana budi kueleza mambo toka mwanzo: mvua ilikuwaje, walikula nini, nani alikuwa kulia kwake. Ndipo habari huokoka. Basi mzee wa vita ahitaji watu wa namna mbili: mwenzake ambaye hana haja ya kuelezwa, na mtoto ambaye hana budi kuelezwa. Akimkosa wa kwanza, ataishi na upweke. Akimkosa wa pili, atakufa na habari zake.

Tutazame Uholanzi kidogo. Mwezi wa Septemba 1944 askari wapata 10,000 walishuka kutoka angani karibu na mji wa Arnhem, wengine kwa miavuli, wengine kwa ndege zisizo na mashine, ili walitwae daraja la mto Rhine. Walishindwa. Waliorudi ng'ambo ya mto hawakutimia 2,500. Wengine walikufa au walitekwa. Baada ya vita waliosalia walirudi huko mwaka kwa mwaka kila Septemba kuonana na kuwakumbuka wenzao, na wenyeji wakawakaribisha majumbani mwao. Hata sasa, wakati wazee hao karibu wote wamekwisha kufa, watoto wa Oosterbeek huja na maua, kila mmoja akasimama mbele ya kaburi moja. Wazee wamekwenda, lakini baraza haikuvunjika, kwa sababu watoto waliingizwa mapema.

Nchi zetu nazo zina watu wachache ambao habari zao ziliokolewa kwa maandishi. Waruhiu Itote wa Kenya aliyeandika kitabu chake mwaka 1967 alieleza mambo ya Burma aliyoyaona akiwa askari wa keya. Na Mohamed Said, katika kitabu cha maisha ya Abdulwahid Sykes kilichotoka mwaka 1998, amesimulia jinsi askari wa Tanganyika waliokuwa kambini karibu na Bombay mwezi wa Desemba 1945 walivyozungumza juu ya kuunda chama cha siasa watakaporudi kwao. Tungeyajuaje hayo kama asingalitokea mtu wa kuuliza na mtu wa kuandika?

Kwa upande mwingine, tazameni hasara ya kutoandika. Kule Taukkyan katika Burma zipo nguzo zenye majina karibu 27,000 ya watu wasio na kaburi lijulikanalo, na wamo askari wa Afrika ya Mashariki. Lakini wa Vita Kuu ya Kwanza hawakutendewa vivyo hivyo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakuandikwa majina yao, wala pengine hawakukumbukwa kwa namna yo yote. Na kwamba huenda hesabu hiyo ikafika 350,000. Wengi walikuwa wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. Tume iliomba radhi. Lakini radhi haiwezi kurudisha jina ambalo hakuna aliyelishika. Mali bila daftari hupotea bila habari; na mtu je?

Wala msifikiri kwamba kumbukumbu zote za wazee ni za sifa. Zimo na za uchungu, nazo zisikilizwe vilevile. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya hati ya serikali ya Uingereza iliyoonyesha kwamba malipo ya kuagana na jeshi baada ya vita ya 1939 hata 1945 yalipimwa kwa rangi ya mtu: kwa cheo kile kile, Mzungu aliweza kupewa mara tatu ya Mwafrika. Wazee walikuwa wakisema hivyo miaka yote. Ilipopatikana karatasi ndipo ulimwengu ulipowasadiki.

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1945, kama angali hai, yu karibu na miaka mia. Baraza ya wazee wa Burma imekwisha kufungwa, au yu karibu kuifunga mtu wa mwisho. Lakini nyuma yao wapo wengine. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita, na vijana wa Jeshi la Wananchi wakaenda, pamoja na mgambo maelfu kwa maelfu waliotolewa mashambani na makazini. Walivuka mto Kagera, wakapita Masaka na Lukaya, wakaingia Entebbe, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatwaliwa. Hapa Moshi nako, tangu tarehe 24 hata 26 Machi 1979, viongozi wa Uganda waliokuwa uhamishoni walikutana wakaunda umoja wao wa kushika serikali mpya. Wengi waliokufa katika vita hivyo wamelala Kaboya, katika wilaya ya Muleba.

Kijana aliyekuwa na miaka ishirini siku zile sasa amepita sitini na mitano. Yuko nyumbani. Labda ndiye baba yako, aketiye kimya kila lisikikapo jina la Lukaya. Yale ambayo hatuwezi tena kumwuliza babu wa keya, twaweza bado kumwuliza baba wa Kagera. Lakini siku hazingoji. Basi yafaa tufanye haya.

Kwanza, msimtenge na wenzake. Mwenye watoto walio na kazi na wamlipie nauli akaonane na rafiki yake wa kikosini, ajapokuwa yuko Tabora au Songea. Kama miguu haiwezi, mpigieni simu, kisha mwondoke mwache waongee. Cheko lao si la kwenu. Na mwenzake akifa, mpeni habari upesi, kwa upole, asije akaisikia njiani baada ya miaka mitatu.

Pili, mwulizeni kwa adabu, na kwa maswali madogo. Mtoto asimwulize mzee, "Umeua wangapi?" Swali hilo hufunga mlango, tena laweza kumtonesha kidonda. Na aanze hivi: "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu." "Babu, siku ulipoondoka nyumbani nani alikusindikiza? Mlikula nini njiani? Rafiki yako mkubwa alikuwa nani, naye alitoka wapi?" Mkimwuliza rafiki, mengine yatafuata yenyewe. Akinyamaza, nyamazeni naye. Siku nyingine atasema.

Tatu, na bibi asisahauliwe. Mumewe alipokuwa mbali, ni nani aliyelima kihamba, aliyelinda zamu ya maji ya mfereji, aliyezaa peke yake, aliyengoja barua ambayo labda haikuja? Vita vilikuwa na upande wa nyumbani, na wanawake ndio mashahidi wake.

Nne, tunzeni karatasi. Cheti cha kuachishwa jeshi, nishani, picha, barua na namba ya askari, vyote na vitiwe katika bati lenye kifuniko, mbali na mchwa na mbali na moshi wa jikoni. Vipigeni picha kwa simu, na nakala moja awe nayo mtoto akaaye mbali. Nyuma ya kila picha andikeni majina ya waliomo, maadamu yuko mtu awajuaye.

Tano, ninyi walimu, wapeni watoto kazi ya ukurasa mmoja: "Mtu wa nyumba yetu aliyekwenda vitani." Chukueni ramani, mwonyeshe njia toka Moshi hata Mombasa, toka Mombasa hata Colombo, na toka huko hata mto Chindwin, kisha ile ya Kyaka hata Kampala. Mtoto aliyeifuata njia ya babu yake kwa kidole hataisahau upesi.

Na wakati mwema wa mambo haya mwaujua. Mwezi wa Desemba wana wa mlima warudipo toka Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na kwingineko, nyumba hujaa, na mzee huketi katikati ya ukoo wake wote. Twala, twacheka, twahesabiana waliozaliwa na waliofariki, kisha twatawanyika. Mwaka huu, kabla ya kutawanyika, chagueni jioni moja. Zimeni redio na televisheni. Kijana mmoja ashike kalamu, na mmoja aulize.

Mkiisha kuandika, mleteeni mwandishi wenu wa ukurasa huu nakala, naye ataisoma kwa furaha. Lakini ile ya kwanza na ibaki nyumbani, ndani ya bati, pamoja na nishani. Kaeni salama hata mwezi ujao.